Mwendo Ule Ulikuwa wa Nani

Nianze na povu la sabuni, maana bila povu lile nisingepata mke, na bila mke nani angenivumilia nikisimulia mpaka nikazoea.

Mie nilikuwa msukuma mkokoteni. Nilitoka kusini, kwa Wamakonde, nikaingia Dar es Salaam baada ya vita vya pili vya Wazungu. Mwingereza alikuwa bado yupo, bandari inapanuliwa kuelekea Kurasini, na mtu mwenye mabega alikuwa hakosi kazi. Shule sikusoma. Nilikaa chuoni kwa mwalimu wa Kurani mpaka nikazijua herufi, mwalimu akafariki, nikaona zilizoingia zinatosha. Kwa hiyo haya nitakayosema ya Mfaransa na Mdachi na mambo yao ya mwendo msinidai ushahidi. Nayasema kama nilivyoyasikia barazani, na aliyeyasema alikuwa amesoma.

Kazi yetu ilikuwa kubeba magunia ya mchele kutoka ghalani Kurasini kupeleka dukani kwa Mhindi mmoja, Chang'ombe. Nasema yetu kwa sababu tulikuwa wawili, mie na rafiki yangu Mnyamwezi. Mikokoteni yetu ilikuwa pacha: fundi mmoja, mbao zilezile, magurudumu manne ya chuma, na magunia sawa kwa sawa, maana Mhindi alikuwa hataki maneno kwamba huyu kabebeshwa na yule kapendelewa. Tofauti ilikuwa moja tu. Mie wangu nilikuwa nimeufungia tairi kuukuu la gari, mgongoni. Niliona bandarini zile boti za kuvutia meli zimevaa matairi ubavuni zisiumizane, nikasema na mie niuvishe mkokoteni wangu.

"Umeuvalisha hereni," Mnyamwezi akaniambia. "Bado wanja."

Likumbukeni tairi hilo.

Wahindi wale, niseme kabla sijasahau, walikuwa Mashia, na ukifika mwezi wa Muharamu walikuwa wanagawa sharubati bure barabarani, ya baridi, ina mbegu ndogo ndogo zinateleza kooni. Sie wa mikokoteni siku hizo tulikuwa tunaipita njia ile mara nyingi kuliko mchele ulivyotaka. Basi. Turudi.

Njiani, upande wa Keko, kulikuwa na mteremko. Juu yake alikaa mama mmoja wa Kizaramo akiuza mihogo ya kuchemsha. Chini, pale barabara inapokata kona, palikuwa na nyumba ya kaka yake, mzee mmoja mrefu, mcheza bao hodari, mtu wa maneno machache na yote makali. Barabara ilikata kona, lakini mifuo ya magurudumu ilikuwa imechimbika sana, ikishuka moja kwa moja kama reli, na mbele ya mifuo, kabla hujakata kona, ulikuwapo ua wa makuti wa yule mzee. Ndani ya ua ule ndimo alimokuwa anaogea.

Mzee alikuwa na binti. Mie nikifika pale chini kiu ilikuwa inanibana, hata siku za mvua. Nausimamisha mkokoteni, natia jiwe kwenye gurudumu, nabisha hodi, naomba maji. Binti anatoa kata. Nakunywa polepole. Nilikunywa maji mengi mwaka ule kuliko ng'ombe. Mwisho nikaona aibu, nikamtuma mjomba wangu kuposa. Mjomba alikuwa mchonga vinyago, na ndiye mkubwa wangu pekee mjini. Mzee alimsikiliza, akasema jibu litatoka Ijumaa. Mjomba aliporudi akaniambia: "Hakukataa. Mtu asiyekataa mbele ya Mmakonde mwenye patasi mkononi, usimwamini sana. Lakini hakukataa."

Wiki hiyohiyo, siku ya Jumanne, ndipo ilipotokea.

Nilikuwa nimesimama pale chini kama kawaida yangu. Jiwe nilikuwa bado sijaliweka. Mnyamwezi alikuwa juu, anaanza kushuka. Kwenye mteremko tulikuwa na utaratibu wetu: hutangulii mbele ya mzigo, mzigo utakukanyaga. Unauacha mkokoteni utangulie, wewe unabaki nyuma unaushikilia kwa kamba, mwili umelala nyuma kama mtu anayevuta mbuzi mkaidi. Mikono miwili, hakuna mchezo.

Sasa hapa lazima niseme habari ya utani, kwa ajili ya watoto wa siku hizi wanaodhani utani ni kuchekesha tu. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zao walipokuwa wanashuka pwani na mizigo vichwani. Mtani akikutukana humjibu kwa hasira. Akikunyang'anya kitoweo unacheka. Akija msibani kwako akalala mbele ya jeneza, mtambembeleza kwa kitu mpaka ainuke. Akiharibu, kaharibu mtani. Hakuna kesi, hakuna kinyongo, na ukikasirika wewe ndiye mwenye aibu. Sie watu wa kusini tuna watani wetu, lakini kwa Mzaramo yule mie nilikuwa mgeni tu. Mie nilikuwa mkwe mtarajiwa. Na mkwe ni kinyume cha mtani. Mkwe humtazami usoni, huli naye sahani moja, ukimwona anakuja unavuka barabara.

Mkokoteni wa Mnyamwezi ukashuka peke yake. Mie nikasikia kwanza magurudumu, kisha sauti yake: "We, ondoka, ondoka." Nikaruka pembeni. Mkokoteni ukaja mbio ndani ya mifuo, haupepesuki hata kidogo, ukalipiga lile tairi la mkokoteni wangu, buu. Na hapo niliona jambo ambalo mpaka leo nikifumba macho naliona. Wa Mnyamwezi ulisimama. Hapohapo. Mzigo mzima uliokuwa unakimbia kama umefukuzwa na nyuki, ukatulia kana kwamba umefika nyumbani. Na wangu, uliokuwa umesimama, ukaondoka kwa mbio zilezile, ukapita katikati ya ua wa makuti kama mtu anayepita pazia.

Ua ukalala chini. Vumbi likapungua. Mzee alikuwa amesimama palepale kwenye jiwe lake la kuogea, kichwa chote na uso wote ni povu.

"Nani kafungua mlango?" akauliza kwa utulivu kabisa. "Fungeni, upepo unaingia."

Mzee akainama kupapasa kata ya maji, mkono wake ukashika gunia la mchele. Akalipapasa juu mpaka chini, akarudia.

"Hiki nini?"

Mie nilikuwa nimeshageuka nyuma nikitazama barabara. Nasema kweli ya Mungu, niligeuka kabla sijajua ninageukia nini. Dada yake, yule muuza mihogo, alikuwa ameshuka mteremko mbio na Mnyamwezi nyuma yake. Akavua kanga moja akamtupia kaka yake. Mzee akajifuta macho, akaiona dunia.

"Huu mkokoteni wa nani?"

"Wangu, baba," nikasema, mgongo ukimwelekea.

"Wewe unayeposa?"

"Mie ninayeposa."

"Basi posa hiyo imekwenda na maji ya kuogea."

Mnyamwezi akaja amenyoosha mikono. "Mtani, mtani. Acha maneno. Aliyekuvunjia ni mie. Mkokoteni wangu ndio uliokuja na mbio. Cheka, tujenge ua, yaishe."

"Wako uko wapi?" mzee akauliza.

"Ule pale barabarani."

"Umegusa ua wangu?"

"Haukugusa."

"Basi wewe nyamaza, mbeba meno ya tembo. Mkokoteni wako umesimama kwa adabu kuliko mwenyewe. Ulionikuta bafuni ni wa Mmakonde, na Mmakonde si mtani wangu. Mwanamume anaposa Jumapili, Jumanne ananiingilia nikiwa mtupu. Nimpe binti ili Jumatano aje na treni?"

Watu walicheka, lakini mzee hakucheka, wala mie sikucheka. Maana mnaona jambo lilivyokaa. Kama pigo lile lilikuwa la Mnyamwezi, basi ni utani, hakuna kosa, na posa yangu inabaki ilipokuwa. Kama lilikuwa langu, nimemvunjia heshima baba mkwe kabla hajawa baba mkwe, na binti sipati. Na mkokoteni uliokuwa bafuni ulikuwa wangu. Ungebisha nini?

Aliyebisha alikuwa Mhindi. Si yule mwenye duka. Mwenye duka alikuja kuulilia mchele wake. Alikuja na ami yake, mzee mwembamba aliyezaliwa Bagamoyo, Kiswahili chake kitamu kuliko changu, zamani mwalimu wa watoto wa Kihindi. Macho yake yalikuwa yamechoka kwa vitabu. Siku nzima alikuwa anakaa kwenye benchi la barazani kwa mtoto wa kaka yake akingoja mtu wa kuzungumza naye habari zisizohusu bei ya sukari, na mtu huyo hakuwa anakuja. Sie tulikuwa tunamwita babu.

Babu akautazama mkokoteni uliokuwa barabarani. Akauinamia. Akauliza: "Ulisimama hapa? Haukusogea mbele?"

"Haukusogea," nikasema.

"Na huu ukaondoka kwa mbio zilezile?"

"Zilezile."

Uso wake ukafunguka kama mtu aliyepata barua kutoka kwao. "Mzee mwenzangu," akamwambia baba mkwe, "ua tutaujenga. Lakini usimhukumu kijana leo. Neno hili Ulaya waligombana kwalo zamani, watu wenye akili zao, wengine mpaka wakaacha kusalimiana. Nipe mpaka Alhamisi. Njoo barazani kwetu na wazee wako, na ulete bao lako."

Sijui kama mzee angekubali kama asingeitiwa bao. Alikubali.

Usiku ule sikulala, na kesho yake nilipita pale bila kuwa na kiu, kweli. Binti alikuwa anafagia makuti yaliyovunjika. Hakuinua kichwa.

"Ulifumba macho?" akaniuliza.

"Nilifumba."

"Yote mawili?"

"Nikageuka na mgongo."

"Ndivyo shangazi anavyosema." Akafagia. "Baba akikataa kesho, wako wengine walioleta posa. Mmoja ana baiskeli."

Hakunipa maji. Lakini nilipoondoka nilisikia ufagio umesimama mpaka nilipokata kona, na hiyo ilinitosha kusukuma magunia mpaka jioni.

Alhamisi baada ya alasiri baraza lilijaa. Wazee wa Kizaramo na vikofia vyao mbele, Mnyamwezi pembeni bila kofia, jambo lisilo kawaida yake, shangazi wa binti mlangoni na sinia lake la mihogo limefunikwa. Mwenye duka alipita pita akiuliza kama kuna mtu atakayenunua kitu.

Babu akaanza na bao. Akamwambia baba mkwe: "Kete zikiliwa zinakwenda wapi?"

"Zinakwenda kwa aliyekula," mzee akasema. "Unaniuliza mambo ya watoto."

"Zinatoka nje ya bao?"

"Zitoke ziende wapi?"

"Basi. Alikuwako Mfaransa mmoja, mtu wa kufikiri, alikuwa anapenda kulala mpaka jua limepanda. Akafikiri akiwa kitandani kwamba dunia hii Mungu alipoiumba aliitia mwendo, kama wewe unavyotia kete, na mwendo ule hauongezeki wala haupungui. Unahama tu. Kitu kikisimama si kwamba mwendo wake umekufa. Umetoka shimo hili umeingia shimo lile. Ukitaka kujua kiasi chake, tazama ukubwa wa kitu na kasi yake. Sasa mkokoteni wa Mnyamwezi ulikuwa na mwendo, wa huyu kijana haukuwa nao. Wakagongana. Wa kwanza ukasimama, wa pili ukaondoka. Mwendo uliouangusha ua wako umetoka wapi?"

Wazee wakatazamana. Baba mkwe akasema: "Hayo ni ya Mfaransa. Alikuwepo Keko?"

"Hakuwepo. Na nikwambie ukweli, aliandika sheria zake za vitu kugongana, nyingi zikawa makosa. Alisema kitu kidogo kikikigonga kikubwa kilichotulia hakiwezi kukisogeza kamwe. Hakuwahi kusukuma mkokoteni. Na vitu viwili vikija uso kwa uso alihesabu mbio tu, hakuuliza kila kimoja kinaelekea wapi. Walikuja wengine wakamsahihisha. Mmoja Mholanzi, alitundika mipira miwili kwa nyuzi akatazama. Ndivyo tutakavyofanya sisi. Hatuhukumu kwa maneno."

Mipira alikuwa ameagizwa mjomba wangu. Babu alimwambia jana yake: mipira miwili ya mpingo, ukubwa mmoja, uzito mmoja, mviringo kama chungwa. Mjomba akasema rahisi, akaenda zake. Na hapa ndipo mjomba alipotaka kuniua, kwa mapenzi.

Akafungua kitambaa. Mipira ilikuwa mizuri ajabu, myeusi inang'aa. Lakini mchonga vinyago, umpe mpingo halafu umwambie aache mviringo mtupu? Hakuweza. Alikuwa ameichonga nyuso. Mmoja ulikuwa Mnyamwezi, mashavu yake na meno yake ya mbele. Mwingine ulikuwa mie, na pua ambayo mpaka leo nadai si yangu.

Baraza likaangua kicheko. Mnyamwezi akaushika wake akauliza: "Mzee, nina kidevu namna hii?" Mjomba akajibu: "Nimekipunguza."

Babu akaitundika kwenye boriti ya baraza, mmoja kando ya mwingine ikigusana. Akauvuta ule wa Mnyamwezi pembeni, akauachia. Ukaja, pua ikapiga pua, mmoja ukaenda kushoto mwingine kulia, nyuzi zikasokotana, na uso wangu wa mpingo ukazunguka ukaenda kumbusu mzee mmoja wa Kizaramo sikioni.

"Nimeona," baba mkwe akasema, akainuka kuchukua bao lake. "Wote wawili wahuni."

Mjomba alikuwa ameshatoa tupa mfukoni. "Kaa, mzee," akasema, "kaa kidogo, nanyoa." Akakaa chini palepale akaanza kuzikwangua zile pua, yangu kwanza, huku machozi yanamlenga, maana alikuwa amezifanyia kazi usiku kucha. Baba mkwe alisimama na bao kwapani. Nadhani hakuondoka kwa sababu alitaka kuona pua yangu inaisha.

Mipira ikatundikwa tena, sasa bila pua, mviringo. Babu akauvuta wa kwanza, akauachia.

Tak.

Wa kwanza ulisimama. Ulinyamaza kabisa, uzi wima. Wa pili ukaondoka, ukapanda karibu palepale mwenzake alipoachiwa, ukarudi, tak, ukasimama wenyewe, na wa kwanza ukaondoka. Ilikuwa kama watu wawili wanaopeana kitu kimoja ambacho sie hatukioni. Mzee aliyebusiwa sikio akasema: "Rudia." Kisha kila mzee akataka kuachia kwa mkono wake, wakagombea zamu kama watoto wenye pembea siku ya Idi, na mwenye duka akasahau kuuza.

"Mtani," Mnyamwezi akasema polepole, "ule uliosimama ni mie. Si unauona? Nimesimama, lakini kilichokwenda ni changu."

Baba mkwe alikuwa ameinama, shavu karibu na mipira. Alikuwa anatazama. Mcheza bao huyo. Hakubali mchezo mpaka autazame mwisho. Na mwisho ulikuja: mipira ikaanza kuchoka, ikapungua, ikaanza kutikisika pamoja, ikatulia.

"Huo mwendo usiopungua," akasema, "umekwenda wapi?"

Nikamtazama babu. Babu akatabasamu, nafikiri hilo ndilo swali alilolingoja kwenye benchi miaka yote ile.

"Alikuwako na Mdachi," akasema, "yaani Mjerumani, huyu alimbishia Mfaransa sana. Alisema kinachotunzwa si mwendo mlivyouhesabu, ni nguvu hai iliyo ndani ya kitu kinachokwenda, na kuipata lazima kasi uizidishe kwa kasi yenyewe. Wakagombana wanafunzi wao mpaka wajukuu. Leo wanasema kila mmoja alishika kitu cha kweli. Lakini aliulizwa swali lako hilihili, mzee: vitu vikigongana vikatulia, nguvu imekwenda wapi? Akasema imeingia ndani, kwenye chembe ndogo ndogo za kitu. Kama ngoma. Mpigaji anapiga mara moja, pigo linaingia kwenye umati, halionekani tena, lakini kila mtu bega lake linatikisika kidogo. Umesikia ile tak? Ile ni sehemu yake. Nyingine imeingia hewani, kwenye uzi, kwenye boriti."

Mzee mmoja akaweka kiganja kwenye boriti kama anayemgusa mgonjwa.

Baba mkwe akarudi akakaa. Akachezea kete kiganjani. "Sawa," akasema. "Mwendo hauzaliwi njiani. Nimekubali. Mmakonde aliupokea tu, ukampita. Alikuwa nao Mnyamwezi." Moyo wangu ukaruka. "Lakini kete hazianzii shimoni. Kuna mkono uliozitia. Mpira wa kwanza uliinuliwa na babu. Mkokoteni wa Mnyamwezi uliachiwa na nani? Mtu huyu nimemwona akishuka pale mwaka mzima, hajaachia kamba hata siku moja. Mnyamwezi, ulikuwaje?"

Mnyamwezi akatazama miguu yake. "Iliteleza, mtani."

"Iliteleza bure?"

"Kamba ni kamba."

"Na kofia yako iko wapi?"

Mnyamwezi akajipapasa kichwa. Mtani hamshitaki mtani. Angekubali kuitwa mzembe mpaka kiama. Mie mwenyewe sikuwa najua lolote. Nilikuwa chini siku ile, nawaza kata ya maji. Ndipo yule shangazi, mlangoni, alipovuta pumzi ndefu akafunua sinia lake. Kitu kilichokuwa kimefunika mihogo isipoe ni kofia ya Mnyamwezi, ile ya viua, imeloa mvuke.

"Kaka," akasema, "mkono huu hapa. Alipita kwangu akasema mihogo yangu ina mizizi kama ndevu za babu yetu. Nikamvua kofia. Akanyoosha mkono mmoja kuishika. Yaliyobaki mmeyaona. Ni mtani wangu, nilikuwa na haki."

Kisha mzee aliyebusiwa sikio akaanza, polepole, kama mtu anayesoma: "Mwendo umetoka kwa dada yako. Ukaingia kwa Mnyamwezi. Ukaingia kwa Mmakonde. Ukaingia bafuni kwako."

"Umerudi nyumbani," babu akasema.

Baba mkwe alianza kucheka kwa mabega, bila sauti, kisha kifua, kisha akaliweka bao chini maana kete zilikuwa zinamwagika. Alicheka mpaka akaomba maji. Alipotulia akanigeukia mie, na mie nikainamisha kichwa.

"Wewe. Siku ile. Uliona nini?"

Baraza lote likanigeukia. Ukisema sikuona, utaambiwa mwongo, watu walikuwepo. Ukisema niliona, umekwisha.

"Niliona povu, baba," nikasema. "Lilikuwa jingi sana."

Akatikisa kichwa. "Sabuni ya Mhindi huyu nzuri," akasema. "Haya. Kesi hakuna, nitamshitaki dada yangu mwenyewe? Lakini mwendo ulipita mikononi mwenu nyote wawili, na nyumba haijengwi na Mfaransa. Makuti yako Mbagala shambani kwangu. Kesho asubuhi mkayalete. Ua ukisimama kabla ya sala ya Ijumaa, jibu la posa litatoka baada ya sala, kama nilivyosema tangu mwanzo."

Tulikwenda Mbagala jua halijatoka. Wakati ule Mbagala ilikuwa mashamba na minazi, ukikutana na mtu unasimama kumwuliza habari za watu wake wote. Tulirudi mikokoteni imejaa makuti, na kwenye mteremko Mnyamwezi alikuwa ameibana kofia yake kwa meno. Tulikita nguzo, tukafunga fito, tukashona makuti. Binti alileta maji, akampa Mnyamwezi kwanza, kisha mie, na yangu ilikuwa kata iliyojaa mpaka mdomoni, nikamwaga nusu kifuani.

Jibu lilitoka. Yule mwenye baiskeli alioa Magomeni, wanasema wanaishi vizuri.

Mipira ile ya mpingo tunayo mpaka leo. Ukiitazama kwa karibu unaona alama mbili za tupa pale pua zilipokuwa. Mke wangu akiudhika nami anaugonga ule wangu kwa kidole. Babu wa Kihindi baada ya siku ile hakukaa peke yake tena kwenye benchi. Baba mkwe alikuwa anakwenda kila alasiri, na ukipita ulisikia wanabishana juu ya Mdachi, huku kete zinalia shimoni.

Lakini nilitaka kumaliza na ua. Tulipoufunga kuti la mwisho asubuhi ile, mzee alitoka akauzunguka, akausukuma kwa kiganja, kisha akaenda kwenye mkokoteni wangu, akalifungua lile tairi bila kuniomba. Akalifunga kwenye nguzo ya kona, pale mifuo ya magurudumu inapoishia, akakaza fundo mara mbili.

Mnyamwezi akamtazama. "Mtani, hilo la nini? Nikija tena na mbio utanirudishia mwendo wangu?"

"Wote," mzee akasema, akiingia kuoga. "Sikupunguzii hata kidogo."